Kuacha muziki baada ya albamu ya kwanza: namna ya kuondoka, nyimbo zikabaki kazini

Tarehe 12 Julai 1999 Gregg Alexander, mwimbaji na mtunzi mkuu wa New Radicals, alitangaza kwamba kundi limevunjika. Albamu yao ya pop-rock, Maybe You've Been Brainwashed Too, ilikuwa haijatimiza hata miezi tisa sokoni. Wimbo wao "You Get What You Give" ulikuwa umeshika namba 1 Kanada, namba 5 Uingereza na namba 36 Marekani, na wimbo wa pili wa kutangazia albamu ulikuwa njiani. Sababu aliyoitoa haikuwa ya ajabu: amechoka na safari, na amechoka kubembelezana na watu wa redio na wa maduka ya muziki.

Ila alichokiacha ni jukwaa tu. Mwaka 2000 wimbo aliouandika na Rick Nowels, "Life Is a Rollercoaster", ukashika namba 1 Uingereza kwa sauti ya Ronan Keating. Mwaka 2002 wawili hao wakampa Santana "The Game of Love", uliochukua tuzo ya Grammy. "Murder on the Dancefloor", alioutunga na Sophie Ellis-Bextor, ulifika namba 2 Uingereza mwaka 2001, na Januari 2024 ukarudi namba 2 ileile baada ya kutumika kwenye filamu ya Saltburn. Miaka 22 katikati, na mtunzi hakuhitaji kupanda jukwaani hata siku moja.

Mwongozo huu ni wa mwimbaji mwenye albamu moja mkononi, imetoka au iko mwishoni studio, naye ameshaamua kwamba maisha haya si yake. Pengine ni shule, pengine ajira, ndoa, wokovu, koo lililochoka. Sababu ni yako. Jambo tunalolisisitiza ni moja: kuondoka vizuri hutengenezwa kabla ya tangazo, na sehemu kubwa hutengenezwa studio, wakati albamu yenyewe inarekodiwa. Ukishatangaza umeondoka, prodyuza hapokei simu kwa haraka ileile, lebo haina tena sababu ya kukupendeza, na mpiga besi amehamia Dubai.

Kwanza tenganisha kofia zako

Mwimbaji wa albamu ya kwanza kwa kawaida huvaa kofia nne kwa wakati mmoja, na watu wengi huzivua zote kwa mpigo bila kujua.

Kofia ya kwanza ni ya mtumbuizaji: sauti yako iliyomo kwenye rekodi. Ya pili ni ya mtunzi: maneno na melodi. Ya tatu ni ya mmiliki wa masta, yaani rekodi yenyewe. Ya nne ni jina la kisanii pamoja na kurasa zake. Kila kofia ina mlango wake wa pesa. Unaweza kuvua ya kwanza leo na ya pili ukaendelea nayo hadi kaburini, na zaidi ya hapo: Tanzania na Kenya haki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake, Marekani na Uingereza miaka 70. Aliyetunga akiwa na miaka 25 na akafariki na 75 ameacha wimbo wenye miaka 100 ya kudaiwa.

Kofia ya mtunzi ndiyo ya kulinda kuliko zote. Chukua mfano wa Marekani. Redio ya kawaida kule, ile ya mawimbi ya hewani, humlipa mtunzi wimbo unapopigwa, lakini mwimbaji na mwenye rekodi hawalipwi kitu. Na kwenye nakala zinazouzwa, mwaka albamu ya New Radicals ilipotoka kiwango cha kisheria cha mtunzi kilikuwa senti 7.1 kwa kila wimbo kwa kila nakala. Albamu yenye nyimbo 12 ikiwa zote ni zako, hiyo ni senti 85.2 kwa nakala, na kwa kawaida pesa hii hulipwa hata kama bado unadaiwa na lebo gharama za kurekodi. Lebo nyingi zilipenda kuweka kipengele cha kuipunguza hadi robo tatu na kuhesabu nyimbo 10 tu, hapo 85.2 inashuka hadi senti 53.25. Kipengele kimoja, mistari mitatu ya maandishi, theluthi nzima na ushei ya pesa imekwenda. Ndiyo maana tunasema soma mkataba na kalamu mkononi.

Karatasi ya mgawanyo, kabla chai haijapoa

Hili lifanyike siku wimbo unapokamilika, studio, kila mtu akiwa bado amekaa. Karatasi moja kwa kila wimbo. Iandikwe: jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya kwenye kitambulisho (siyo ya kisanii peke yake), nani ametunga nini, na asilimia. Jumla ni 100, siyo 99 wala 105. Kisha sehemu ya pili, tofauti kabisa na ya kwanza: nani anamiliki masta, kwa asilimia ngapi. Kila mmoja asaini, na kila mmoja apige picha karatasi hiyo kwa simu yake.

Mfano wa wimbo mmoja wa pop-rock: mwimbaji ameleta maneno na melodi ya beti na kiitikio; mpiga gitaa ameleta rifu ya mwanzo (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) ambayo wimbo mzima umeegemea; prodyuza amepanga kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) na kubadilisha daraja, kile kipande tofauti kabla ya kiitikio cha mwisho. Mgawanyo wa utunzi unaweza kuwa 50, 25 na 25. Mpiga dramu aliyekodiwa akapiga kama alivyoelekezwa hana fungu la utunzi. Analipwa ujira wake, na anasaini karatasi fupi inayosema amelipwa kiasi gani na anaruhusu sauti yake itumike. Bila karatasi hiyo fupi, siku kampuni ya filamu inataka wimbo wako, mwanasheria wao atauliza "dramu ni za nani?" na dili litalala hapo.

Tatizo la kawaida hapa ni watu wawili kusajili wimbo mmoja, huyu asilimia 60, yule 50. Jumla 110. Chama cha kukusanya mirabaha hakichagui nani mkweli. Kinaishikilia pesa yote mpaka mwelewane. Wakati bado mnafanya kazi pamoja, hilo ni mazungumzo ya dakika 10. Ukiwa umeshaondoka na mmeachana kwa maneno makali, ni miaka.

Na biti, yaani midundo iliyotengenezwa tayari, ulizonunua mtandaoni? Soma leseni. Ya bei ndogo huwa ya kukodi: biti ileile imeuzwa kwa wengine, mara nyingi ina kikomo cha idadi ya kusikilizwa au cha miaka, na hairuhusu kuwekwa kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti. Kama wimbo bora wa albamu umekaa juu ya biti ya kukodi, nunua haki kamili sasa, kabla leseni haijaisha nawe uko darasani unafundisha hisabati. Vivyo hivyo kipande cha wimbo wa mtu mwingine ulichokikata ukakipachika bila ruhusa: kiondoe au kiombee ruhusa.

Mafaili: hapa ndipo albamu nyingi hufa

Tumeona albamu nzuri zilizobaki kama MP3 moja ya WhatsApp. Kompyuta ya studio iliibiwa, au prodyuza alifuta kupata nafasi ya mteja mwingine, na hakuna mtu aliyekuwa na nakala. Ukiwa bado unaingia studio, toa vitu vifuatavyo kwa kila wimbo, vyote WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24 (hapa ni kipimo cha ubora wa faili, siyo mdundo), kwa kasi ileile ya sampuli (mara ngapi sauti hupimwa kwa sekunde) mliyorekodia (kwa kawaida kHz 48 au 44.1):

– miksi kamili, iliyomastishwa (iliyosawazishwa mwisho kwa ajili ya kutolewa) na isiyomastishwa;
– toleo la ala tupu, bila sauti yoyote;
– toleo la pleibek: waitikiaji wapo, sauti kuu haipo;
– akapela, yaani sauti za waimbaji tupu bila ala;
– toleo safi, kama kuna neno ambalo redio haitalipiga;
– stemu, yaani kila kundi la sauti kwenye faili lake: dramu, besi, gitaa za kushoto na kulia, gitaa la solo, kinanda, waitikiaji, sauti kuu;
– traki moja moja zote, pamoja na gitaa kavu, yaani lililorekodiwa moja kwa moja kabla ya kupita kwenye ampu (kikuza sauti cha gitaa).

Toleo la ala tupu ndilo linaloombwa zaidi na watu wa filamu na matangazo, kwa sababu mhusika anatakiwa asikike akiongea juu yake. Wimbo usio na ala tupu hurukwa, hata uwe mtamu namna gani. Gitaa kavu nalo lina kazi yake: miaka 15 baadaye mlio wa ampu mliyoipenda unaweza kusikika wa kizamani, lakini upigaji bado ni mzuri, atakayemiksi upya atalipitisha kwenye ampu nyingine.

Kuhusu ukubwa usiogope. Traki moja ya mono, biti 24 na kHz 48, ni kama MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 40 ni GB 1.4 hivi. Nyimbo 11 ni kama GB 15. Ongeza matoleo na stemu, bado haufiki GB 30. Hakuna prodyuza wa kukuambia "mafaili ni mazito sana".

Namna ya kuyatoa ni muhimu kuliko unavyodhani. Kila faili lianze sifuri, mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama solo linaingia dakika ya tatu. Ukikata kimya cha mwanzo, hakuna atakayejua solo linaingia wapi. Mwishoni acha sekunde 5 hadi 10 ili mwangwi umalizike wenyewe. Uchakataji uliojenga tabia ya sauti (kama mwangwi wa kiitikio au mkwaruzo wa gitaa) uchome ndani ya stemu, kwa sababu programu-jalizi (programu ndogo inayochomekwa ndani ya ile ya kurekodia) iliyoutengeneza haitakuwepo. Faili la kikao, yaani la kazi yenyewe kwenye programu ya kurekodia, liwe la Pro Tools, Cubase, Logic au FL Studio, lihifadhi pia, lakini usilitegemee: toleo jipya la programu likija, au leseni ya programu-jalizi ikiisha, linafunguka nusu tu, traki zimekaa kimya.

Kosa linalorudi kila mara ni kuchanganya kHz 44.1 na 48. Faili la 44.1 likisomwa kana kwamba ni la 48, wimbo wa dakika 4 unakuwa dakika 3 na sekunde 40, na sauti inapanda karibu nusu-toni moja na nusu. Mwimbaji anasikika kama mdogo wake. Andika kasi ya sampuli kwenye jina la folda, hivi:

04_Jina-la-wimbo_118bpm_La-minor_48k-24b

Ndani ya folda: MIKSI, STEMU, TRAKI, KIKAO, KARATASI. Kwenye KARATASI kuna maneno ya wimbo, kodi, picha ya karatasi ya mgawanyo, na notisi fupi: gitaa lilitiuniwaje, kapo (kibanio cha shingoni mwa gitaa) ilikuwa kwenye freti ya ngapi, nyuzi za unene gani. Mambo madogo haya ndiyo mpiga gitaa mgeni anayoyahangaikia siku nzima akitafuta kwa nini kodi ile hailii kama kwenye rekodi.

Kisha jaribu kabla hujalipa salio la studio. Fungua kikao kipya, ingiza stemu zote zikianza sifuri, ingiza na miksi isiyomastishwa, geuza fazi ya miksi hiyo (wimbi lake liwe kinyume), piga. Kama stemu zimekamilika, vinafutana na unabaki kimya au mabaki madogo (kompresa ya jumla, inayobana sauti ya miksi nzima, huacha mabaki, hilo si kosa). Ukisikia kinanda kinalia chenyewe, kinanda hakimo kwenye stemu. Jaribio hili ni la dakika 5 kwa wimbo na linaumbua uzembe wote.

Hifadhi nakala tatu: moja kwenye diski ya nje nyumbani, ya pili kwenye diski nyingine kwa ndugu unayemwamini mji mwingine, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski za SSD hazifai kuachwa kabatini miaka bila umeme, data hufifia. Kwa kabati tumia ile ya kawaida yenye sahani inayozunguka, na mara moja kwa mwaka ichomeke, fungua wimbo wowote mmoja usikilize. Joto na unyevu wa pwani havina huruma: weka kwenye mfuko unaofungika wenye vipakiti vya kunyonya unyevu, siyo juu ya friji.

Mkataba na barua ya kuachiwa

Kama hukuwahi kusaini lebo wala meneja, ruka sehemu hii, shukuru.

Mikataba mingi ya albamu ya kwanza inasema hivi: albamu moja ni ya lazima, na lebo ina hiari ya nyingine tatu, nne. Hiari hiyo ni yao, siyo yako. Ukiacha kurekodi bila maelewano, kipo kipengele kinachosimamisha muda wa mkataba, kama saa iliyotolewa betri. Unaweza kukaa miaka 10 bila kuimba na bado ukawa wa kwao. Siku ukimwandikia mtu wimbo, wanabisha hodi. Ukimya si kuacha.

Deni nalo hueleweka vibaya. Tuseme lebo ilitoa shilingi milioni 30 kwa studio, video na kianzio chako, na fungu lako ni asilimia 20. Albamu imeingiza milioni 40. Wengi wanadhani milioni 30 zimesharudi. Sivyo: deni linalipwa na fungu lako peke yake, na asilimia 20 ya 40 ni milioni 8. Bado unadaiwa 22. Hata hivyo, mikataba mingi husema deni hilo hulipwa na mapato ya rekodi tu, siyo mfukoni mwako. Tafuta sentensi hiyo. Kama haimo, usitangaze kuondoka mpaka imo.

Unachokitaka ni barua ya kuachiwa, imesainiwa pande zote mbili. Lipa wakili aisome mara moja tu. Ni gharama ndogo kuliko kosa. Iwe na mambo haya: tarehe mkataba unapokoma; kwamba hudaiwi albamu nyingine; deni linaendelea kulipwa na albamu hii pekee; utaendelea kupewa hesabu mara mbili kwa mwaka; uko huru kutunga na kuzalisha kwa ajili ya wengine; na jina la kisanii linabaki kwa nani. Lile la kuwatungia wengine lisikosekane hata ukidhani hutaki kusikia gitaa tena. Ndilo lililomlisha Alexander.

Angalia vitu viwili zaidi. Kimoja ni zuio la kurekodi upya: kwa kawaida huzuiwa kurudia nyimbo zilezile mpaka ipite miaka 5 tangu zitoke, au 2 tangu mkataba uishe, kutegemea ipi ni ya mbali. Iandike tarehe yake kwenye kalenda. Kingine ni meneja: asilimia 15 hadi 20 yake huweza kuendelea baada ya kuachana. Omba ishuke kwa ngazi, kwa mfano apate nusu ya asilimia hiyo katika mwaka wa kwanza, robo yake katika wa pili, kisha basi.

Namba zinazokufuata

Kila rekodi ina ISRC, namba yake ya utambulisho, herufi na tarakimu 12: mbili za nchi, tatu za msajili, mbili za mwaka, tano za rekodi. Toleo la ala tupu lina ISRC yake, pleibek yake, rimiksi yake. Wimbo kama utunzi una namba yake, ISWC, inayoanza na herufi T. Mtunzi aliyejisajili ana namba ya IPI, inayomtambulisha yeye. Albamu ina namba ya pau, ile ya mistari ya kuskani. Ziweke zote kwenye jedwali moja, ukurasa mmoja, na nakala ya karatasi. Usiseme "ziko kwa msambazaji", yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni. Msambazaji akifunga, zimefungwa naye.

Utunzi usajili kwenye chombo cha nchi unakoishi. Tanzania Bara anzia COSOTA, Zanzibar COSOZA, Uganda UPRS. Kenya haki zimegawanywa kwenye vyama tofauti vya watunzi, watumbuizaji na wazalishaji, na leseni za vyama hivyo zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo uliza KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, nani ana leseni mwaka huo kabla hujajaza fomu ya mtu. Sajili kila wimbo wa albamu, siyo ule uliovuma tu. Wimbo wa tisa ambao hakuna aliyeujali ndio mara nyingine huchukuliwa na tangazo la benki.

Msambazaji wa kidijitali ana aina mbili. Kuna anayetoza kila mwaka, na ukiacha kulipa nyimbo zinashushwa. Kuna anayetoza mara moja, au hatozi, kisha anakata asilimia. Kwa anayeondoka, wa pili ni bora, hata kama kwa hesabu ya leo anaonekana ghali. Kuhamisha: pandisha albamu kwa msambazaji mpya ukitumia ISRC zilezile, faili lilelile, majina yaleyale mpaka nukta, subiri zionekane kwenye majukwaa, ndipo ushushe za zamani. Ukishusha kwanza, au ukakubali upewe ISRC mpya, hesabu ya waliosikiliza inaanza sifuri na nyimbo zinatoka kwenye orodha za watu. Spotify tangu 2024 hailipi rekodi isiyofikisha mara 1,000 kwa miezi 12, kwa hiyo kuanza sifuri si aibu tu, ni pesa.

Laini ya simu, barua pepe, kodi

Sehemu hii haina utamu, ila ndipo waliokwisha kuondoka hukwamia. Laini isiyotumika hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Kama akaunti ya msambazaji inatuma msimbo wa kuingia kwenye namba ile, huyo mgeni anaupata, wewe huupati. Kabla ya kuondoka, hamisha uthibitisho kwenye programu ya msimbo, chapisha misimbo ya akiba, uitie kwenye bahasha ya vyeti. Barua pepe ya Google isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa. Ingia hata mara mbili kwa mwaka, siku ileile unayochomeka diski.

Malipo ya majukwaa ya Marekani hudai fomu ya kodi ya W-8BEN. Inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini: ya Juni 2025 inakufa tarehe 31 Desemba 2028. Ikifa, malipo husimama au hukatwa zaidi, na barua ya onyo inakwenda kwenye barua pepe usiyoisoma. Mlio wa simu nao, ule anaousikia anayepiga, kama Skiza kwa Wakenya, una mkataba wake na kampuni ya katikati. Uangalie unaisha lini na pesa inaingia namba gani.

Mwisho, andika mrithi. Wasia wa mstari mmoja unaosema "haki zote za nyimbo zangu, za utunzi na za rekodi, ni za fulani", pamoja na lile jedwali la namba. Bila jedwali, mrithi anarithi neno tupu.

Lini kutangaza

Panga miezi sita. Mwezi wa kwanza na wa pili, mafaili na karatasi za mgawanyo. Wa tatu, mkataba. Wa nne, usajili na uhamisho. Wa tano, maliza shoo zilizolipiwa kianzio; usizoweza, rudisha kianzio kwa maandishi, maana promota asiyerudishiwa ndiye atakayeisimulia habari yako kabla yako. Wa sita, sema.

Tangazo liwe fupi, likisema kinachokoma (shoo, mahojiano, albamu mpya) na kisichokoma (nyimbo zipo, maombi ya matumizi yatumwe kwenye barua pepe fulani). Usiseme "nimeacha muziki kabisa" kama bado unatunga. Na usifute kurasa. Ukurasa uliothibitishwa ukiufuta, jina linachukuliwa siku hiyohiyo na tapeli wa kuuza tiketi. Ufunge maoni, weka barua pepe ya leseni juu, uache.

Ukiitwa siku moja

Huenda ikatokea. Tarehe 20 Januari 2021 New Radicals walipiga "You Get What You Give" kwenye gwaride la mtandaoni la kuapishwa kwa Joe Biden, wimbo mmoja tu, zaidi ya miaka 20 tangu wavunjike.

Ukialikwa hivyo, kwanza angalia tarehe ya zuio la kurekodi upya, kwa sababu shoo inayorekodiwa na kuuzwa inahesabika. Kisha fungua stemu. Koo la miaka 45 si la miaka 22. Imba kiitikio cha juu zaidi mara tatu mfululizo siku ya kwanza ya mazoezi, na kama cha tatu kinakwaruza, shusha ufunguo. Nusu-toni: pleibek inaweza kushushwa kwa programu, haisikiki sana, isipokuwa dramu, ambazo huachwa kama zilivyo. Toni nzima au zaidi: usishushe kwa programu, gitaa zitasikika zimelowa, mpe mpiga gitaa notisi iliyomo kwenye folda ya KARATASI, ashushe nyuzi zote toni moja, abadilishe seti ya nyuzi za unene wa .010 kwa .011 ili zisilegee, na arekodi upya akifuatisha upigaji wa lile gitaa kavu.